Siku Niliyobeba Stata Mgongoni

Nikiwaambia kwamba zahanati nzima pale Arua ilinicheka mimi, mtu mzima, nesi mwenye cheti, mpaka wengine wakakaa chini, msidhani natia chumvi. Na waliocheka walikuwa na haki yao. Asiye na haki nilikuwa mimi.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini, watu wetu wameshaanza kurudi kutoka ukimbizini Zaire na Sudan, na kazi yangu Koboko ilikuwa kuzunguka vijijini kuchanja watoto kwa kombi moja kuukuu ya kulala, ambayo wageni fulani waliitumia safarini kisha wakatuachia pamoja na vyote vilivyomo, kitanda cha kukunja, jiko dogo, mapazia ya maua (mapazia yale akina mama waliyapenda kuliko chanjo yenyewe). Dereva alikuwa Mzee Drani, mwanajeshi wa zamani asiyependa maneno mengi. Na stata ya kombi ilikuwa imekufa. Unazungusha ufunguo, unasikia tik, basi. Wiki mbili tukawa watu wa kusukumwa, yaani tukimaliza kuchanja, akina mama wanafunga watoto wao mgongoni wanatusukuma, mpaka siku moja kijijini Dranya nikachungulia nyuma nikaona anayesukuma kwa nguvu kuliko wote ana mimba ya miezi minane. Nikasema hapana, hii sasa imekuwa aibu. (Aibu yenyewe nilikuwa sijaiona bado.)

Kesho yake asubuhi Drani akaingia chini ya gari, akaifungua stata, akanionyesha: kaboni zimelika zote, na waya wa ndani umeungua.

"Hapa Koboko hakuna mutu ya kutengeneza hii," akasema. "Iko fundi moja Arua. Lakini mimi siwezi toka. Barafu iko nayeyuka."

Alikuwa anasema kweli. Kwenye sanduku la baridi tulikuwa na chanjo ya surua, surua ilikuwa imeshaingia Dranya, na barafu ingetufikisha kesho jioni tu, tena kama Drani angeshinda anazunguka kwa wenye friji akiomba nyingine. Mimi kukaa nikashindwa. Kila nikikaa namwona mtoto mwenye macho mekundu. "Naenda mimi," nikamwambia, "leo leo narudi."

Nikatia stata kwenye gunia, nikaenda barabarani kungoja gari, nikasimama, nikatembea, nikarudi nikasimama tena, na katika kuhangaika huko gunia likapasuka chini, stata ikadondoka puu, ikakosa vidole vyangu kidogo tu. Nilikuwa na vitenge viwili. Kimoja nikaizungushia, kwa cha pili nikaifunga mgongoni, kwa sababu kichwani mafuta machafu yangenichuruzikia usoni. Sikuwa na nia nyingine, nawaapia.

Hapo hapo likatokea lori la tumbaku. Dereva akatoa kichwa. "Mama ya mutoto! Usipande juu, jua nachoma mutoto. Ingia hapa mbele!"

Nikatazama juu ya marobota, wanaume wamebanana huko na vumbi. Nikatazama kiti cha mbele. Neno moja tu lilitakiwa, "si mtoto," maneno mawili basi, na mimi nikanyamaza nikapanda.

Ndani alikuwamo bibi mmoja wa Kinubi, amevaa gurbaba yake safi ya maua, ile nguo yao ya kujifunga, na kwa adabu nikamwita Haboba, kama tunavyowaita bibi zetu. Akanisogelea akatabasamu. "Ya kike ao ya kiume?"

"Ya kiume," nikajibu. (Ningejibu nini?)

"Jina yake?"

"Hamisi."

Basi, Hamisi akazaliwa hapo hapo kwenye lori, na baada ya dakika kumi alikuwa na miezi sita, ana meno mawili, baba yake mfanyabiashara wa Oraba. Nilijisikia nikiongea nikashangaa maneno yanatoka wapi. Nikasema moyoni, Arua si mbali, nitashuka, yataisha.

Lakini barabara ilikuwa ya mashimo, na kila shimo stata inanipiga uti wa mgongo, nami nagugumia, na Haboba anageuka. Kila akigeuka anatazama zaidi. Mwisho akapitisha mkono nyuma yangu, akagusa.

"Iko baridi," akasema.

"Ni upepo, Haboba."

Akagusa tena. "Iko ngumu." Halafu akatazama vidole vyake, vina mafuta meusi. "Mama, hii nini natoka kwa mutoto?"

"Dawa. Dawa ya kienyeji nilimpaka."

Nesi mzima, nasema dawa ya kienyeji! Haboba akakunja uso. "Koboko kule iko nesi moja ya kombi, muke ya mutoto yangu alimusikia. Alisema mutoto akinyamaza sana, usingoje, kimbiza hospitali. Wewe hukumusikia?"

Nikasema nilimsikia. Hapo ndipo ningetubu, lakini kila tukisonga mbele lile neno linazidi kuwa zito, naliinua linanishinda, na tulipopita Maracha nikaona bibi wa watu analia, taratibu, bila sauti. Akaweka mkono juu ya goti langu.

"Mimi pia nilibeba hivi," akasema. "Wakati ya kukimbia. Tulikuwa naenda Zaire kwa miguu. Watu nauliza, nasema iko nalala. Siku muzima nasema iko nalala. Nilikuwa najua. Wewe pia iko najua, binti yangu. Usiogope. Mimi iko na wewe."

Jamani. Ningefungua mlango nikaruka. Nikafumbua kinywa nikasema, "Haboba, si mtoto," na yeye akanikumbatia akalia kwa nguvu, akadhani nimekubali kwamba mtoto hayupo tena! Dereva akasikia, akaminya honi, akakanyaga mafuta, na mimi napiga kelele "Si mtoto! Ni stata! Ni stata!" na dereva anamwambia Haboba, "Mushike, akili iko natoka."

Lori likaingia mpaka mlangoni mwa zahanati moja pale Arua. Akina mama wakafungua njia. Mganga akatoka mbio, na nani kama si mwalimu wangu aliyenifundisha kuchoma sindano, akaniita jina langu, akasema, "Wewe umezaa lini?" Kabla sijajibu Haboba ameshafungua kitenge kwa mikono yake, na stata ikamponyoka ikaanguka sakafuni. Kang!

Halafu mama mmoja akacheka, wa pili, wote, watoto wakaamka wakalia, dereva akaegemea ukuta ameshika tumbo, na mwalimu wangu amevua miwani anafuta machozi. Mimi nimesimama katikati, mgongo wangu mweusi kama sufuria.

Haboba hakucheka. Aliinama akaigusa kwa vidole. "Alhamdulilahi," akasema. "Ni chuma." Akarudia, "Ni chuma tu." Kisha akatoka, akakaa barazani peke yake.

Nilimfuata. Nikapiga magoti mbele yake na watu wananitazama, nikamwomba msamaha, nikamwambia yote, barafu, surua, gunia, na kwamba nesi wa kombi ndiye mimi. Alikuwa anatazama vidole vyake vyenye mafuta. Nilitamani anipige.

"Hiyo chuma nafanya kazi gani?" akauliza mwisho.

"Inaamsha injini, Haboba."

"Basi peleka kwa fundi. Watoto iko nangoja." Sikupewa msamaha, wala sikuuomba mara ya pili. Alifuta mkono wake ulionata mafuta kwenye upindo wa gurbaba ile safi, akaondoka.

Fundi alifunga waya mpya na kutia kaboni nyingine, na nikarudi kwa lori lile lile, safari hii nyuma kwenye vumbi, kwa kuomba mwenyewe. Kesho yake kombi ikawaka kwa mguso mmoja, barafu ikiwa vipande vidogo, na Dranya tulichanja mpaka chupa ya mwisho. Huko habari ilikuwa imefika kabla yetu. Akina mama walinipokea kwa kuniuliza Hamisi anaendeleaje, na mpaka leo wapo wanaoniita Mama Hamisi.

Naitika, nacheka nao. Lakini Haboba sikumwona tena, na yeye ndiye ninayemfikiria. Uongo mwingine nimesema tangu siku ile, mdogo mdogo, kama kila mtu. Habari ya mtoto, hata kwa mzaha, hata kwa kunyamaza, sijaigusa tena na sitaigusa.