Fundi Marjun anarudia kila waya aliowahi kuukaza

Saa moja na nusu asubuhi, Marjun Dalsgarð amepiga magoti kwenye kibanda cha usukani cha boti ya bluu, bandarini Klaksvík, mji wa wavuvi kwenye visiwa baridi vya kaskazini. Mvua inapiga kioo kwa upande. Miwani imemshukia puani, na mkononi ana kipimo cha chuma.

Anapima kipete cha shaba kilichobana waya wa antena nyuma ya redio. Anaandika namba kwenye daftari. Anapima tena. Kisha anauvuta waya kwa nguvu, anautikisa, na kupima mara ya tatu.

"Marjun, huo ni waya au mtoto mchanga?" anauliza Sámal Petur, mwenye boti, huku akimmiminia kahawa. "Umeukaza mwenyewe, mwaka wa sita huu, na redio inasikika utadhani ninaoongea nao tuko chumba kimoja. Una shaka gani?"

"Ndiyo hiyo nimekuja kuitoa."

"Yako au yangu?"

"Hebu nyamaza nisome namba."

Sámal anacheka. Marjun hacheki. Tangu Februari, watu wa bandari hii wanasema, fundi wao wa redio amesahau kucheka akiwa na koleo mkononi.

Marjun ni mwanamke wa miaka arobaini na saba. Alikuwa mkata minofu mpaka kiwanda cha samaki alichofanyia kazi kilipofungwa, naye akaenda kusomea ufundi wa redio akiwa na miaka thelathini na moja. Kufunga antena moja ya boti humpa krona mia tisa na hamsini. Mwezi mzuri, pamoja na matengenezo ya redio, humwingizia krona elfu ishirini na nne. Majira ya baridi, nusu ya hizo.

Kwa mtazamaji, kazi yenyewe ni ndogo. Waya wa antena una uzi wa shaba katikati na wavu mwembamba wa shaba unaouzunguka. Fundi huvika kipete juu ya wavu ule, kisha hukibana kwa koleo lenye matundu ya ukubwa mbalimbali. Tundu likiwa dogo mno, wavu unakatika. Likiwa kubwa mno, kipete kinashika juujuu tu.

"Na ukiangalia kwa macho, huoni tofauti," anasema Marjun. "Hicho ndicho kinachonitisha."

Februari hiyo, konekta alizozizoea, vile vichwa vya waya vinavyokuja na vipete vyake, zilikuwa zimemwishia, na muuzaji akamletea za kampuni nyingine. Zilifanana kabisa na zile za zamani. Ndani ya boksi kulikuwa na karatasi ya maelezo, lakini Marjun hakuifungua.

"Mkono wangu ulikuwa unalijua tundu lake," anasema. "Miaka yote ni tundu lile lile, milimita sita na nusu. Nikabana. Nikavuta, zikashika. Tukajaribu redio hapa gatini, zote zikaongea."

Katika wiki mbili alifunga antena za boti saba.

Jumatano moja, karakana ikiwa kimya, aliamua kutengeneza waya wa akiba kwa konekta zile zile. Aliukaza, akaushika huku akitafuta mkasi, akawa anauzungusha vidoleni bila kufikiri. Kipete kikazunguka peke yake.

Akatafuta boksi. Akafungua karatasi. Iliandikwa: milimita sita.

"Nilikaa chini sakafuni," anasema. "Sikuanguka. Nilikaa tu. Nusu milimita. Nikaanza kuhesabu boti."

Alijua kinachofuata bila kuambiwa na mtu. Gatini, boti ikiwa imetulia, redio ingesikika vizuri. Baharini, injini ikitetemesha kila kitu mchana kutwa na chumvi ikiingia, kipete kingelegea kidogo kidogo, mpaka siku moja mtu aongee na asisikike.

Boti nne kati ya saba zilikuwa bandarini. Tatu zilikuwa zimetoka alfajiri, na ukungu ulikuwa umeshuka mpaka usawa wa mapaa. Saa nne na robo alianza kupiga simu. Mwenye boti wa kwanza alipokea, akaahidi kurudi. Wa pili alipokea, akamtukana kidogo, akageuza boti kurudi.

Simu ya tatu ilipokewa na mwanamke.

"Heini ameisahau hapa dirishani," alisema Elspa, mkewe. "Kwani kuna nini?"

"Dada Elspa, yuko na nani?"

"Peke yake, kama kawaida yake. Marjun, kuna nini?"

Marjun angeweza kusema hakuna kitu. Anakiri kwamba maneno hayo yalimfika mdomoni.

"Redio yake niliikaza vibaya," alisema. "Huenda anaita na hakuna anayemsikia. Napiga simu kituo cha pwani sasa hivi, halafu nakuja kwako."

Elspa alikata simu.

Kijana wa zamu kwenye kituo cha redio cha pwani alimwita Heini mara tatu, kisha mara tatu tena. Kimya.

"Una hakika kosa ni lako?" alimuuliza Marjun. "Huenda amezima tu."

"Nina hakika. Itume boti yoyote iliyo karibu naye. Tafadhali, kaka, usisubiri."

Jikoni kwa Elspa, wanawake wale wawili walikaa wakitazamana. Kahawa ilipoa. Elspa alikata nyama kavu ya kondoo vipande vyembamba, akapanga kwenye sahani, na hakuna aliyegusa.

"Mimi ndiye niliyemwambia abadilishe antena," alisema Elspa. "Nilisema ile ya zamani imechoka. Nilitaka awe salama."

Marjun anasema sentensi hiyo ilimuuma kuliko tusi lolote ambalo angepewa siku ile.

Saa sita na dakika ishirini simu ililia. Boti ya wavuvi wawili wa kijiji cha Viðareiði, iliyotumwa na kituo, ilikuwa imemwona Heini chini ya majabali ya kisiwa cha Kunoy. Kamba ilikuwa imejisokota kwenye pangaboi la boti, injini imezimika, na nanga moja ndiyo iliyokuwa imemshikilia, hatua kama hamsini kutoka kwenye mwamba. Alikuwa amelowa na kutetemeka, lakini mzima.

Walimvuta mpaka Klaksvík. Marjun alikuwa amesimama gatini, na watu wote walikuwa wameshajua.

"Nimeita tangu saa mbili!" Heini alifoka kabla hata hajafunga kamba. Ana miaka sitini na mmoja, na sauti yake haihitaji redio. "Saa nne nzima, mwanamke wewe! Nilikuwa naongea na ubao!"

"Kosa ni langu, mzee Heini."

"Najua ni lako! Ndiyo maana nakuambia wewe!"

Alipita. Elspa alimfunika blanketi, naye hakugeuka kumtazama Marjun.

Kabla ya jua kuzama siku iliyofuata, Marjun alikuwa amekata na kukaza upya konekta zote saba, bila malipo. Wateja watatu wamehamia kwa fundi wa mji mkuu, Tórshavn, Heini akiwa mmojawapo. Wengine wanamwambia yamekwisha, kwani lau asingepiga simu ile siku hiyo, Heini asingeonekana mapema.

"Wanasema nilimwokoa," anasema. "Hawajui wanachosema. Mimi ndiye niliyemnyamazisha."

Hofu haikuishia kwenye boti saba. Kama mkono ulimdanganya Februari, anajiuliza, uliwahi kumdanganya lini tena? Alifungua madaftari yake ya miaka tisa, tangu aanze kujitegemea, na kukuta antena mia moja na kumi na mbili. Tangu Machi anazipitia moja moja, kwa muda wake mwenyewe. Ya Sámal Petur ni ya themanini na nne. Mbili zilikuwa na kutu. Hakuna hata moja iliyokazwa kwa tundu lisilo lake.

Sasa husoma kila karatasi, hata za konekta anazozijua kwa majina. Huvika kila waya lebo ya plastiki yenye ukubwa wa tundu, tarehe na namba yake ya simu. Wiki iliyopita alikuta chupa ya jamu ya rubabu, mmea mchachu wa bustani za huku, mlangoni pa karakana. Haikuwa na barua, lakini mwandiko wa kwenye kifuniko ulikuwa wa Elspa.

Anataka amalize kabla ya pepo za Oktoba. Boti ya mwisho kwenye orodha iliuzwa kisiwa cha Suðuroy, safari ya feri ya saa mbili kutoka Tórshavn. Mwenye boti mpya amemwambia redio haina tatizo lolote, asijisumbue. Marjun ameshakata tiketi.

Simu yake haizimwi tena, hata kanisani. Huiweka mapajani, imegeuzwa juu, na kila ukungu unaposhuka huitazama mara kwa mara.

"Nikishaona ile ya Suðuroy, nitaizima siku nzima," anasema. "Siku moja tu. Nione kama nitaweza."