Tulivyotolewa Nusu Fainali kwa Sheria za Rede

Harufu ya mafuta ya alizeti ikinifikia, hata hapa Kikuyu mjini Dodoma ninapoishi sasa, sikumbuki jikoni, nakumbuka ngozi. Glavu za besiboli zilifika shuleni kwetu Busi zikiwa zimekakamaa kama viatu vilivyosahauliwa juani, na Mwalimu Hamisi, aliyejifunza mchezo huo chuoni, akatuagiza kila mmoja akailainishe yake kwa mafuta. Upande wetu wa Kondoa, mafuta ni alizeti. Tulizipaka mpaka zikanukia chapati, na mbwa wa kijiji wakawa wanatufuata wakidhani tumebeba chakula. Mmoja alifanikiwa kula kidole gumba cha glavu yangu, nikacheza msimu mzima kidole kikiwa nje.

Nilikuwa msichana wa darasa la sita, na timu yetu ilichanganya wasichana na wavulana kwa sababu wavulana peke yao hawakutosha. Uwanja tuliazimwa. Lilikuwa shamba la mahindi la shule, mahindi yenyewe ndiyo yaliyotupatia uji wa saa nne, na Mwalimu Mkuu, mama mpole ila mwenye msimamo, alituwekea sharti mbele ya wazazi wote: tukifika fainali, shamba linabaki uwanja na uji utatafutiwa mahali pengine, tukitolewa, mvua za kwanza zitakuta jembe. Tukaapa kwamba tutafika. Mpaka nusu fainali tulikuwa hatujafungwa, na tulitembea kijijini vichwa juu, bila aibu hata kidogo.

Siri ya ushindi wetu ilikuwa Zaituni, binti wa shangazi yangu. Huyo alikuwa malkia wa rede, ule mchezo wa wasichana ambao wawili wanarusha mpira huku na huku na mmoja katikati anaukwepa, ukikupata, umetoka. Zaituni akikulenga hukwepi, ungejikunja namna gani. Mwalimu Hamisi alipoona mkono ule akamweka karibu na kituo cha pili kati ya vile vinne ambavyo mpigaji huvizunguka ili kupata mkimbio, akamweleza mara nyingi kwamba katika besiboli humrushii mtu, unamrushia mwenzako aliyesimama kituoni, mpira ukimtangulia mkimbiaji, katoka. Zaituni aliitikia kila mara kwa adabu. Lakini mazoea yana taabu.

Nusu fainali tulicheza Kondoa mjini na watoto wa Kibaigwa, waliokuja na lori zima la washangiliaji, maana huko kwenye soko la mahindi malori si shida. Mpaka zamu ya mwisho tulikuwa tunaongoza kwa mkimbio mmoja. Wawili wao walikuwa wameshatoka, mmoja amesimama kituo cha pili, tukibakiza mtu mmoja tu wa kumtoa. Kijana wao mwingine akapiga mpira, ukabiringika mpaka miguuni pa Zaituni. Angeurusha kituo cha kwanza, mchezo ungekwisha. Zaituni akauokota, akamwona kijana anakimbia, akamtandika nao ubavuni.

"Katoka!" alipiga kelele. "Katoka huyo!" tukapokea sote, na wazazi wetu wakapokea, na Mwalimu Mkuu akarusha mwavuli wake juu. Tulikumbatiana katikati ya uwanja tukilia kwa furaha huku mpira umeingia chini ya lori na Kibaigwa wawili wanazunguka vituo taratibu, wakitushangaa. Mwamuzi alipoonyesha kwamba tumefungwa, wazee wa Busi walimzunguka kumuuliza yeye alizaliwa wapi hata asijue rede. Wanasema asiyekubali kushindwa si mshindani. Basi siku ile kijiji chetu hakikuwa na mshindani hata mmoja.

Zaituni hakuja shule baada ya hapo. Alisema ameuza uwanja wa wenzake, akajifungia chumbani, na mimi niliumia kuliko nilivyoumia kufungwa. Mwalimu Mkuu akanichukua tukaenda kwa shangazi.

"Shikamoo, mwalimu," Zaituni aliamkia nyuma ya mlango.

"Marahaba, mwanangu. Mimi nimecheza rede kabla hujazaliwa, na kwangu yule alitoka. Lakini mahindi tutapanda, uji hauna mbadala."

Kisha mwalimu akasema jambo ambalo sisi wote, kwa hasira, hatukuliwaza: huku kwetu mvua ni za msimu mmoja. Tukishavuna, shamba linalala bure miezi mingi. "Mkivuna, ni lenu mpaka mvua nyingine."

Mlango ukafunguka kidogo. "Na nikimpiga mtu tena?"

"Piga kituo kwanza. Mtu atafuata."

Shangazi alicheka mpaka akakaa chini. Tulipanda, tukapalilia, tukavuna, tukacheza juu ya mabua yaliyotuchoma nyayo, na mwaka ule tulitolewa mapema zaidi, safari hii kihalali kabisa.

Majuzi nilikwenda kuitazama timu ya shule ile, sasa kocha wao ni Zaituni. Wana viatu, wana mkono sahihi, kila mpira unakwenda kituoni. Wametolewa nusu fainali vilevile. Nilijiandaa kuwabembeleza, nikakuta wanabishana nani atarusha mwakani, huku wanamenya miwa. Sisi tuliumia vile kwa sababu tulidhani tumepewa msimu mmoja tu duniani. Hawa hawajawahi kuona msimu usiofuatwa na mwingine, na Zaituni, aliyewazoesha hivyo, alikuwa amesimama katikati yao anadai kipande chake cha muwa.