Dawa Aliyoinywa Ayeeyo

"Tfuu!" Mpaka leo namsikia ayeeyo, bibi yangu, akitema kwenye mchanga. Asubuhi hii nimefungua pakiti ya dawa iliyoyeyuka kwa joto la Garissa, na harufu ya nta ikapanda.

Nilipokuwa mtoto wa shule, ayeeyo alikuwa na bawasiri, hata kuketi ilikuwa shida. Alirudi kutoka zahanati akanisukumia pakiti.

"Soma, mwalimu wetu."

Nyumbani ni mimi tu niliyejua kusoma, na nilikuwa naringa kweli. Iliandikwa "1 PR BD". Moja niliijua. Maana ya hizo herufi sikuijua, lakini ningesemaje?

"Unameza moja, ayeeyo."

Ndani, dawa ilikuwa imegeuka mafuta. Ayeeyo akafurahi, maana kwetu mafuta ya mkia wa kondoo huyeyushwa yakanywewa kama dawa. "Leo daktari ametumia akili," akasema. Akayakamulia kwenye kikombe cha maziwa ya ngamia, akapiga funda kubwa. Yakaganda mdomoni. Utelezi mweupe ukashika meno, kidevu, mpaka mtandio. Nilitapika kabla yake.

Shangazi, aliyewahi kulazwa hospitali, alipoiona pakiti alicheka mpaka akakaa chini. "Wallahi, hii huingizwa nyuma!"

Ayeeyo hakucheka. "Sitaki dawa yao tena," akasema, akalala ubavu akiguna kwa maumivu.

Kesho yake nilitoka shule nikapitia zahanati peke yangu, nikamwekea nesi daftari langu mezani. "Niandikie," nikamwambia, "kila herufi na maana yake."