Matone ya Dawa na Upepo wa Mikumi

Siku yangu ya kwanza katika kituo cha kupambana na kwelea kwelea, wale ndege wadogo walao nafaka, Kilosa, Mkuu wa Kituo hakunionyesha hata kiti. Aliniwekea karatasi ya grafu na mashine ya kukokotolea, ile ya kuzungusha kwa mkono, akasema, "Ndugu, nionyeshe tone la dawa likitoka kwenye ndege ya kunyunyizia litaangukia wapi."

Hiyo ndiyo ikawa kazi yangu. Tone lina uzito unaolivuta chini na upepo unaolisukuma pembeni. Unakokotoa limefika wapi baada ya muda mfupi, unatia nukta, unaanza tena kutoka hapo. Ukiziunga nukta unapata njia ya tone. Tone kubwa huanguka upesi. Dogo husafiri mbali, na hilo ndilo lililoninyima utulivu. Leo kompyuta huchora maelfu ya njia hizo kabla chai haijapoa. Sisi tulichora chache, mkono ukauma.

Wakati watu wanahamia vijiji vya ujamaa, kwelea walitua kwenye matete karibu na kijiji kipya upande wa Mikumi, mtama ukianza kukomaa. Rubani alikuwa tayari. Nilichora, nikafuta, nikachora tena: matone madogo yaliishia kwenye lambo wanakijiji walikochota maji.

"Una hakika?" Mkuu aliuliza.

"Sina, Mzee. Upepo ukitulia hayafiki."

Tukaenda kumwomba Mwenyekiti wa kijiji awaondoe watu kwa muda. Alitutazama kwa uchovu. "Tumehamishwa juzi tu, ndugu zangu. Tuhamie wapi tena?"

Mkuu akaizuia ndege. Tukangoja. Kila jioni nilitoka nje, nikarudi ndani, nikatoka tena kutazama majani. Upepo haukutulia. Kwelea wakaumaliza mtama.

Baadaye nilifika pale na lori la unga wa msaada. Mama mmoja aliitikia shikamoo yangu, kisha akauliza, "Ndiwe uliyezuia ndege?"

"Ndimi, mama."

"Uliizuia ile ya dawa, ukatuachia hawa wa kula." Hakupaza sauti. Kando yake binti yake alikuwa akinywa maji ya lambo kwa kata. Akayamaliza, akaomba mengine.

Sasa nimestaafu. Mjukuu wangu, anayesoma Morogoro, hunionyesha matone ya dawa, yaliyotiwa rangi, yakipepea kwenye skrini. Yanapendeza kweli. Juzi nikamuuliza, "Na hapo chini wanaishi akina nani?"

Akaanza kutafuta ramani.