Korongo wa Ukutani

Nimerudi kijijini kwetu Runazi na diploma, na kamera niliyoinunua kwa jasho langu. Nikizungumza jioni mbele ya klabu ya watazama ndege, hakuna anayekohoa. Jana umeme ulikatika nikiwa nawaonyesha picha zangu ukutani. Mtu akawasha koroboi, harufu ya mafuta ya taa ikanijaa puani.

Utotoni, kwa mwanga wa koroboi kama hiyo, Mama alituumbia mimi na kaka ndege kwa kivuli cha vidole vyake, ukutani. Aliyekosea jina ndiye angeamka alfajiri kufukuza kwelea kwenye mtama.

"Bata huyo," alisema kaka.

"Korongo," nikasema.

"Korongo gani hana taji, wewe?"

Mama akafungua vidole polepole, taji likachanua. "Mwanangu, kesho lala," akaniambia.

Alfajiri kaka alinikuta tayari shambani mwa mtama, shingo nimeinua, namtafuta mwenye taji.