Mgeni Hashiki Kamba

Alhamisi moja asubuhi nilitoka kambini kwetu nje ya Ibra, huko Omani, na kikoi, mswaki na shida moja: kufikia Ijumaa jioni niwe najua kufunga mafundo ya baharini. Nani wa kunifundisha, sikujua. Nikapanda gari la kwanza lililosimama, pikapu ya mbuzi iendayo Sur.

Shida aliileta mhandisi wa barabara niliyekuwa nikimpikia. Alikuwa akipanga likizo visiwa vya Karibiani, wiki nzima kwa mashua ya tanga, leo kisiwa hiki, kesho kile. Kila alasiri alitandaza ramani juu ya boneti ya landrova, tukaikandamiza kwa vikombe, nami nikimhoji: maji matamu watayapata wapi, samaki wa huko wana miba? Mwishowe akasema twende sote, nipike na nisaidie matanga. Nikamwambia matanga siyajui. Akacheka.

"Mtu wa Unguja asijue tanga?"

Unguja nilikulia mtaa wa Ng'ambo, mjini, na bahari niliivuka kwa meli, nimelala kifudifudi. Akasema Ijumaa jioni atanipima. Nikishindwa atachukua mpishi mwengine.

Tulipopita Al Qabil mbuzi mmoja alikuwa keshakula ncha ya kikoi changu. Hapo ndipo nilipomkumbuka ndugu wa marehemu baba, nahodha aliyeacha bahari, sasa akiuza mitungi ya gesi Sur. Nikamkuta dukani.

"Shikamoo, ami."

"Marahaba. Habari za huko?"

"Nataka unifundishe mafundo, kesho narudi."

Alinitazama kama niliyeingia msikitini na viatu. Kule, hata nyumba yako ikiwaka moto, ukiulizwa habari unajibu hakuna. Moto unausema baada ya kahawa.

"Habari za huko?" akarudia, taratibu.

"Hakuna, ami. Salama."

"Alhamdulillahi."

Zikaja tende, halua na kahawa, kisha nikaruhusiwa kueleza.

"Mnapeleka nini huko visiwani?"

"Hatupeleki kitu."

"Mnakwenda kuchukua nini?"

"Hatuchukui. Tunatembea tu."

"Wiki nzima mnavuta kamba, bila shehena." Akanimiminia tena. "Huyo bwana ana mke?"

"Hana."

"Ndiyo maana."

Nikaomba kamba.

"Mgeni wangu ashike kamba? Mtaa mzima utasema nimemtumikisha mtoto wa ndugu yangu. Leo utakula, kesho nakuchinjia. Jumamosi tutaona."

Jumamosi mpishi mwengine angekuwa anafunga sanduku.

"Basi, ami, mimi si mgeni. Nipe kazi."

Akaitazama mitungi iliyokuwa imeshushwa mlangoni.

"Kazi kweli?"

"Kweli."

Akaninyang'anya kikombe, na kahawa imo. "Ingiza hiyo ndani. Usiiburure."

Niliibeba mpaka kiuno kikakataa kunyooka. Tulipokwisha sali alasiri akanipeleka ghala ya nyuma: mkeka, mto mmoja, na mitungi kila upande.

"Wafanyakazi wangu hulala hapa." Akanitupia kamba. "Mmoja huo ufunge ukutani. Usipofunga vizuri utakulalia."

Nikafunga, nikakaza kwa meno. Akausukuma kwa ncha ya kidole cha mguu. Mtungi ukainama, kamba ikafunguka yote, tukaudaka pamoja.

"Tena," akasema, akakunja mikono ya kanzu, akakaa juu ya mkeka wangu.