Fundi Bisibisi, diski tatu pacha na uzi mwekundu

Saa tatu asubuhi. Fundi Bisibisi yuko kwenye stuli yake ya miguu mitatu, wa nne ni tofali. Mbele yake kompyuta imelazwa ubavu, tumbo wazi, vumbi limejaa humo kama godoro la kizamani.

“Andika hivi,” anamwambia mwandishi bila kuinua kichwa. “Mwaka wa saba huu niko kwenye kazi hii, sijawahi kuchanganya kitu cha mteja. Hata skrubu. Kila skrubu inarudi kwenye tundu lake.”

Anayasema hayo huku akipapasa chini kutafuta skrubu ambayo, baada ya dakika mbili za msako mkali, inagundulika ameikalia.

Jina la Bisibisi alipewa na majirani, kwa sababu bisibisi haimtoki nyuma ya sikio, kama penseli ya seremala. Mkewe anasema siku moja alilala nayo.

Chumba cha kazi ni kimoja, mafundi wawili. Upande wa dirishani kuna cherehani ya mkewe, meza ya kupigia pasi na vitambaa vya wateja. Upande wa mlangoni ndiko kwa Bisibisi: kompyuta zilizokufa, zilizo mahututi, na moja aliyoahidi kuitengeneza tangu mwaka juzi. Katikati hakuna ukuta. Kuna mstari wa chaki sakafuni, na waya za mume huuvuka kila siku.

“Chumba ni changu, nimerithi kwa shangazi,” anafafanua fundi cherehani, ambaye kila mtu humwita Mama Pacha. “Yeye nilimkaribisha.”

“Nilikaribishwa moyoni kwanza,” anajitetea mume.

“Moyoni hukuleta vumbi.”

Bisibisi alimaliza sekondari bila nafasi ya kuendelea na chuo. Ufundi aliupata kwa kufungua redio ya baba yake, na kichapo alichopata kwa kushindwa kuifunga, anasema, ndicho kilichomfundisha kupanga skrubu. Leo, siku nzuri ikimletea wateja wanne, jioni anaingia nyumbani akipiga mluzi. Siku mbaya hapati hata mmoja, na cherehani ndiyo inayolisha watu wanne: wao wawili na mabinti zao pacha wa miaka minane.

Kwa hiyo kazi ya leo ni kubwa. Inalipa nusu ya kodi ya nyumba ya mwezi mzima.

Mwenye kompyuta ni mpiga picha za video za harusi, rafiki wa Mama Pacha tangu shuleni. Mtaani wanamwita Mama Kamera. Amekaa kwenye kochi la wateja, mkoba mapajani, macho yakiwa kwenye kompyuta kama mzazi nje ya chumba cha upasuaji.

“Shemeji, umo humo humo?” anauliza.

“Nimo, dada. Tulia.”

Shida yake ni mwendo. Anapokata na kuunganisha picha, video inakwama, bibi harusi anabaki amefumba jicho moja, sauti inaendelea peke yake. Bisibisi amemshauri anunue diski mbili mpya, zinazofanana kabisa na ile ya kazi iliyomo ndani, ili hizo mbili ziunganishwe zifanye kazi kama moja. Kila faili linakatwa milia milia, mlia mmoja huku, mwingine kule, na diski zote zinasoma kwa pamoja. Mafundi huuita mtindo huo reidi ziro.

Mama Pacha ana maelezo mafupi zaidi.

“Ni gauni moja linashonwa na watu wawili. Mmoja kushoto, mmoja kulia. Linaisha upesi. Lakini mmoja akitoroka na upande wake, huna gauni.”

“Ndiyo maana ile ya zamani inabaki na kopi,” anaongeza mume haraka. “Zile mbili ni za mbio, siyo za kutunzia.”

Ndani ya hiyo diski ya zamani kuna harusi. Bwana harusi ni baharia, alipewa likizo ya siku tisa, akaoa siku ya sita, amesharudi kazini. Jumamosi hii ukoo mzima unakutana kuitazama video. Kadi za kamera Mama Kamera alishazifuta ili apige shughuli nyingine. Harusi ile haipo mahali pengine popote duniani.

“Ikipotea nitawaambia nini? Warudi wavae upya?” anasema. “Na bwana harusi nimtoe wapi, majini?”

Bisibisi anacheka. Kabla ya yote anaiandaa kompyuta ipokee mpangilio mpya, maana ukibadilisha bila kuiandaa, inagoma kuwaka. Hilo analifanya bila kubabaika, na mtu akimtazama anaona kweli ujuzi upo. Kisha anaichomoa diski ya harusi apate nafasi ya kusafisha, anaichora msalaba kwa chaki ya mkewe, na kuilaza kwenye meza ya pasi pamoja na zile mbili mpya. Tatu sasa. Kampuni moja, ukubwa mmoja, sura moja.

Anabeba kasha hadi mlangoni, anawasha kipulizo. Kelele inajaa chumba.

Mama Pacha anasogea kuchukua mkasi mezani. Anaangalia diski. Anaangalia kitambaa cha pasi, ambacho kina doa jeupe la chaki, nusu ya msalaba iliyofutikia hapo. Anakata uzi mwekundu, anaupitisha kwenye tundu la skrubu la ile diski yenye mabaki ya chaki, anafunga fundo dogo kama la kifungo upande wa chini.

“Baba Pacha! Ile yenye harusi nimeifunga uzi!”

“Sawa, mama, sawa!” anajibu mume ndani ya vumbi, kwa sauti ya mwanamume ambaye hajasikia kitu.

Anarudi, anafuta mikono, anatazama diski tatu zisizo na msalaba. Kwa sekunde tatu hivi bisibisi inatulia nyuma ya sikio. Kisha anaamua. “Hii na hii juu. Ya harusi inakaa chini.” Anazifunga.

Saa sita kasoro, skrini inaonyesha orodha ya diski. Zina jina moja na ukubwa mmoja, tofauti ni namba ndefu pembeni, za kusomwa na mtu mwenye subira. Anachagua mbili za juu. Kompyuta inauliza: vilivyomo vitafutika, una uhakika?

Bisibisi ana uhakika. Anabonyeza.

Kompyuta, ambayo mfumo wake uko kwenye diski nyingine ndogo, inawaka vizuri. Diski mpya inatokea, kubwa, haina kitu, inasubiri kufomatiwa, yaani kuandaliwa upya. Kidole kimeshafika juu ya kitufe.

“Baba Pacha,” anasema mkewe, aliyeinama kuokota pini karibu na kasha. “Ya harusi si ulisema inakaa chini?”

“Iko chini.”

“Mbona uzi wangu uko juu?”

“Uzi gani?”

Bisibisi anainama, anachungulia, anaona kifundo chekundu. Kidole kinaondoka kwenye kitufe polepole, kama mtu anayeondoka mbele ya mbwa.

“Shemeji,” anasema Mama Kamera. Halafu tena, kwa sauti ya chini zaidi, “Shemeji?”

“Dada, usisimame. Nakuomba. Kaa hivyo hivyo.”

Kinachofuata kinachukua saa tatu. Kuziunganisha diski kumefuta orodha ya vilivyomo, siyo vyenyewe. Kufomati na kujaza vingine juu yake ndiko kungevizika. Kwa hiyo anauvunja muungano, anaitoa diski yenye uzi, anaifungulia programu ya kutafuta vilivyopotea.

Lakini vikipatikana vitahamia wapi? Anafungua droo, anatoa diski yake ya nje. Imejaa filamu za mapigano, miaka minne ya kukusanya. Anaitazama. Anamtazama Mama Kamera, ambaye ameshika mkoba kama usukani. Anafuta filamu zote.

“Zilikuwa zinanipigia kelele hizo,” anasema mkewe, akipiga pasi kitu ambacho kilishapigwa pasi.

Saa tisa na dakika kumi folda ya kwanza inajitokeza. Bisibisi anafungua video moja bila kuchagua. Mjomba fulani mwenye tai fupi anacheza, vibaya sana, kwa furaha isiyo na mfano.

Mama Kamera anaanza kucheka, kisha analia, kisha anacheka tena. “Huyo mjomba nilipanga kumkata,” anasema. “Sasa namwacha mzima mzima!”

Harusi yote ipo. Inanakiliwa kwenye diski ya filamu, na Bisibisi anafungua mafaili moja moja kuhakikisha. Ndipo anarudia kazi, safari hii akizisoma namba za diski kwa sauti, na mkewe akizifuata kwa kidole. Inapofika saa kumi, diski mbili zilizo mpya kweli zinakimbia pamoja. Video inateleza. Bibi harusi anafumba jicho na kulifumbua.

Anapoketi chini, shati la Bisibisi limelowa mgongo mzima. Anasema mipango yake sasa ni miwili: kununua diski kubwa ya duka, kila kazi inakiliwe humo kabla hajagusa waya, na kufunga uzi kwenye kila diski ya mteja.

“Huo mtindo wa uzi,” anaeleza, rangi ikianza kumrudia usoni, “ni ubunifu wangu kidogo.”

Cherehani inaongeza kasi.

Mlangoni anaingia kijana wa benki na kompyuta mpakato kwapani. Ana picha za mtoto wake mchanga humo, anasema, na anaogopa. Fundi hajawahi kupoteza vitu vya watu?

Bisibisi anavuta stuli, anaitoa bisibisi nyuma ya sikio. “Kaka, uko mahali salama. Mwaka wa saba huu, sijawahi kuchanganya...”

Cherehani inasimama.

“Mwambie uzi mwekundu ulianzia wapi,” anasema Mama Pacha.

“Mama, mteja huyu.”

“Ulianzia mkononi mwa binti yako, nilimfunga ili uwatofautishe pacha. Kaka, wakiwa na wiki mbili nilimwachia huyu awaogeshe wote wawili. Alimwogesha mmoja mara mbili.”

Kwenye kochi, Mama Kamera anaangusha mkoba kwa kicheko. Kijana wa benki anamtazama fundi.

“Alikuwa msafi sana lakini,” anasema Bisibisi.